Kukusanya shotgani za zamani na vikorokoro vyake kwa hela ya kawaida

Mi nafanya kazi stoo ya mizigo hapa Dayton, Ohio, zamu ya usiku, na kwenye sefu yangu kuna shotgani 6 (bunduki za marisau), ile kongwe kabisa inakaribia miaka 130 na ya juzijuzi ni ya miaka ya 1950. Ukijumlisha nilichotoa kwa zote sita hakifiki hela niliyonunulia Corolla yangu ya 2009. Nasema hivo mapema kwa sababu watu wakisikia "anakusanya bunduki za kale" wanawaza mzungu mwenye ranchi na mvinyo, kumbe hapa Marekani hii kitu inawezekana hata kwa mtu anayelipwa kwa saa, ila ujue unachoshika mkononi. Ukikosea hapo utalia.

Mapenzi yangu yalianzia kwa babu. Alikuwa na gobore la kulindia mahindi na nguruwe pori kule Namtumbo, na baruti yake aliiweka kwenye pembe ya ng'ombe yenye kizibo cha gunzi. Sasa fikiria nimefika Ohio, naingia kwenye gulio, namkuta mzee anauza pembe ya baruti karibu sawa na ya babu, dola 40! Nilisimama pale kama nimeona mtu wa nyumbani. Niliinunua, na hadi leo ndo kitu changu cha kwanza kwenye mkusanyo, bunduki zilikuja baadaye sana.

Tuanze na karatasi, vumilia kidogo. Shotgani iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma, sheria ya shirikisho haiihesabu kama silaha ya kawaida, inaitwa antiki, unaweza kuinunua bila fomu ya dukani. Majimbo mengine yana sheria zao juu ya hiyo, kwa hiyo angalia unapoishi. Zaidi ya hapo, ukinunua dukani unajaza fomu namba 4473, wanapiga simu au wanaingiza kwenye mfumo kukukagua, dakika chache unaondoka. Afu kuna leseni moja tamu sana kwa watu wa bajeti ndogo, leseni ya mkusanyaji, wenyewe wanaiita C&R. Inatolewa na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, dola 30 kwa miaka 3, uwe umetimiza miaka 21. Bunduki iliyofikisha umri wa miaka 50 na bado iko kama ilivyotoka kiwandani, unaweza kuinunua hata jimbo lingine na ikaletwa mlangoni kwako. Masharti yake: nakala ya maombi inaenda kwa mkuu wa polisi wa eneo lako, na lazima uwe na daftari unaloandika kila inayoingia na kila inayotoka. Sio leseni ya biashara, ukianza kununua na kuuza ili upate faida ndo maisha yako hapo umeharibu.

Kwetu sisi tuliokuja, hapa soma mara mbili. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kumiliki. Aliyeko kwa viza ya muda, mfano ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi, ispokuwa awe ndani ya vighairi vichache vilivyotajwa kwenye sheria, kama kuwa na leseni hai ya uwindaji ya jimbo mojawapo. Usimwamini rafiki aliyekwambia "twende tu". Kosa la bunduki kwa mtu asiye raia linaweza kukupandisha ndege ya kurudi bila kuaga. Lipa mwanasheria saa moja, ni bei ndogo kuliko kitu chochote nitakachotaja humu. Na usiwaze kabisa kubeba bunduki kwenye begi kwenda nayo Dar au Nairobi kumzawadia mjomba, huko kuna vibali vyake na hapa kuna vibali vya kutoa nje, vyote viwili.

Haya, hela.

Dola zako mia za kwanza usinunue bunduki. Nunua kipimo cha chemba, ni kama kijiti cha chuma chenye alama, dola 30 na kitu. Nunua tochi ndogo yenye mwanga mweupe, futi ya utepe, na risasi bandia za kujaribia triga. Afu mwezi mzima zunguka kwenye maonyesho ya bunduki na maduka ya vitu vilivyotumika bila kununua, omba ruhusa ya kushika, shika nyingi iwezekanavyo. Wazee wa kule wanapenda sana kuulizwa. We mwambie tu "mzee, hii ilikuwa ya kufanyia nini?" ataongea hadi chai ipoe. Hapa Ohio kuna chama cha wakusanyaji cha siku nyingi, OGCA, maonyesho yao ni ya wanachama, na meza zao zina vitu ambavyo kwenye gulio la kawaida huvioni hata kwa mwaka.

Sasa kipimo cha chemba ni cha nini. Shotgani inapimwa kwa geji, na maana yake ni ya kizamani kweli: chukua ratili moja ya madini ya risasi (ledi), igawe matonge 12 ya mviringo yaliyo sawa, tonge moja likipita sawasawa kwenye mtutu basi hiyo ni geji 12. Ukigawa 20, matonge yanakuwa madogo, mtutu mwembamba, geji 20. Ndo maana namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, inachanganya watu wote mwanzoni. Lakini geji peke yake haitoshi, kuna urefu wa chemba, pale ganda la risasi linapokaa. Leo kawaida ni inchi 2 na robo tatu. Zamani zilikuwepo za 2 na nusu, 2 na tano ya nane, na geji 16 nyingi za kabla ya miaka ya 1930 ni 2 na tisa ya kumi na sita. Ubaya ni kwamba ganda la leo linaingia humohumo bila kulazimisha! Kwa sababu mdomo wake umekunjwa, na ule urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafunguka. Ukifyatua, mkunjo unafunguka hauna nafasi, unabana njia ya marisau, presha inapanda ndani ya chuma chenye miaka mia. Watu wameharibu bunduki nzuri na vidole vyao hivo hivo. Kwa hiyo ukipima chemba ukakuta fupi, sio sababu ya kuiacha, wengine tunazipenda hizo na bei inashuka kidogo, ila unajua unatafuta risasi fupi za presha ndogo, zipo kampuni ndogo zinazotengeneza.

Jambo lingine kabla sijasahau, usichanganye risasi za geji 20 na 12 mfukoni. Ganda la 20 likiingia kwenye mtutu wa 12 linateleza mbele na kukwama, we unaona chemba tupu unaweka la 12 nyuma yake, ukifyatua mtutu unapasuka. Ndo maana maganda ya 20 wanayatengeneza ya njano.

Uchague ipi? Maoni yangu, na kuna watu watakasirika, achana na majina makubwa. Parker za Meriden, Connecticut, ni nzuri hakuna anayebisha, lakini kwa bajeti yetu Parker utakayoimudu ni ile iliyochoka, kitako kimepasuka na mitutu imekatwa, unanunua jina na kutu. Hela ileile inakupa bunduki ya watu wa kawaida iliyo nzima kabisa. Naongelea zile zilizouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shamba na kwa katalogi. Sears walikuwa na jina la J.C. Higgins, Montgomery Ward walikuwa na Western Field, na hawa wote hawakuwa na kiwanda, walikuwa wanatengenezewa na viwanda vya kweli. Mfano J.C. Higgins Model 20, ile ya kupampu (unavuta mbao ya mbele kuingiza risasi nyingine), ni kazi ya High Standard, chuma kizito, imepakwa vizuri, mi nilipata kwa dola 180 na hadi leo inafunga kama mlango wa benki. Kuna Crescent wa Norwich, Connecticut, wao walichapa majina zaidi ya mia tofauti kwenye bunduki zilezile, duka lolote la jumla likitaka jina lake linaandikiwa. Diamond Arms kwa mfano lilikuwa jina la duka la Shapleigh la St. Louis. Kukusanya hayo majina ya maduka ni mchezo wa peke yake, na bei bado ziko chini, mia moja na hamsini, mia mbili na nusu, unapata.

Kwa mitutu miwili ya kuanzia, Stevens 311. Haina urembo, wenye hela wanaicheka, imetengenezwa miaka mingi mpaka miaka ya 1980, vipuri vipo kila kona. Kwa zile za miaka ya 1940 angalia kitako kwa makini, baadhi ziliwekewa kitako cha plastiki kiitwacho Tenite, kimepakwa michirizi kifanane na mbao, na plastiki hiyo inasinyaa na kupasuka na kukitengeneza haiwezekani. Yangu niliipata kwenye mnada wa shamba karibu na Greenville, nchi ya kina Annie Oakley, yule dada mlengaji aliyezaliwa kaunti hiyohiyo ya Darke. Watu pale walikuja kwa ajili ya trekta, bunduki ikaishia dola 260. Nilipofungua bamba la nyuma ya kitako nyumbani nikakuta mtu ameandika kwa penseli kwenye mbao, 1951, na bei. Sijafuta.

Ukipanda kidogo kuna Fox Sterlingworth, hiyo ndo bei yake inanipa kichefuchefu sasa lakini kati ya zile za heshima bado ni rahisi kuliko wenzake. L.C. Smith za Fulton, New York, nazipenda kwa macho, shida yake moja kila mtu anaijua: mbao inapasuka nyuma tu ya yale mabamba ya pembeni. Shika tochi, angalia pale kwanza kabla ya kuangalia kitu kingine. Za kupampu, Winchester 97 yenye nyundo ya nje na Model 12 zilitengenezwa nyingi mno, Model 12 peke yake karibu milioni 2, kwa hiyo usikubali kuuziwa moja ya kawaida kwa hadithi kwamba ni adimu. Ithaca 37 ilianza 1937 na inatoa maganda chini badala ya pembeni, wanaotumia mkono wa kushoto kama mke wangu wanaifurahia. Na zile zenye nundu mgongoni, Browning Auto-5 ya Ubelgiji na ndugu yake Remington Model 11, chukua Remington, ni ubunifu uleule wa John Browning kwa karibu nusu ya bei, ila fungua mbao ya mbele uangalie nyufa, kwa sababu ndani kuna pete za kupunguza teke na mtu akizipanga vibaya kwa miaka mbao inakula kipigo.

Sasa kukagua, hapa ndo nitakaa.

Kwanza kabisa hakikisha haina kitu ndani, fungua mwenyewe, tia kidole, hata kama muuzaji kakwambia "tupu hiyo". Halafu ile ya mitutu miwili ifunge, tazama kikono cha juu kinachofungulia. Kikisimama kimeegemea kulia kidogo bado ina maisha. Kikiwa kimepita katikati kwenda kushoto, imechoka. Toa mbao ya mbele, shika kitako mkono mmoja na mitutu mkono mwingine, tikisa taratibu. Ikicheza, hata kidogo, bawaba imelika. Inua juu uone kama mwanga unapita kati ya mitutu na ukuta wa nyuma.

Toa mitutu kabisa. Ining'inize kwa kidole kimoja kwenye lile jino la chini, igonge kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima inalia kama kengele, mlio mrefu, unabaki hewani. Ikitoa sauti ya sufuria lenye ufa, ule ubavu wa chuma uliochomelewa kati ya mitutu umeanza kuachia. Siku ya kwanza nilipofanya hivi kwenye maonyesho watu watatu waligeuka kuniangalia, nikajisikia mtaalam, kumbe waliona tu nimeshika vibaya.

Halafu elekeza mitutu dirishani, weka jicho upande mmoja, utaona mstari wa kivuli unatembea ndani kutoka mwanzo hadi mwisho. Zungusha taratibu. Mstari ukinyooka, iko sawa, ukikatika au kupinda sehemu kuna kibonyeo. Vidoti vyeusi ni kutu iliyokula. Vichache vya juujuu nasamehe, vyenye kina karibu na chemba hapana.

Mdomoni sasa. Kwenye bunduki ya mitutu miwili ambayo haijakatwa, mitutu inakutana au karibu ikutane kule mbele. Ukikuta uwazi mkubwa katikati, au umejazwa na lehemu, mtu kaikata. Pima: chukua fimbo, itumbukize kwenye mtutu bunduki ikiwa imefungwa na tupu, weka alama, pima. Chini ya inchi 18 usiguse, rudisha mezani uondoke, hiyo ni kesi ya shirikisho, na jumla ya bunduki nzima isiwe chini ya inchi 26. Haijalishi ni ya marehemu babu wa mtu.

Rangi na mbao zinasema ukweli wake pia. Herufi za kiwanda zikiwa zimelegea kingo, kama zimeandikwa kwenye sabuni, bunduki imesuguliwa na kupakwa upya. Matundu ya skrubu yakiwa yameingia ndani kama visahani, hivohivo. Mbao halisi inakaa juu ya chuma kwa unywele mmoja, ikiwa chini ya chuma kuna mtu kaipiga msasa. Skrubu zilizochanwa vichwa maana yake fundi wa jikoni amepita. Na kukosa serial namba sio lazima iwe wizi, kabla ya 1968 sheria haikuwalazimisha watengenezaji wa shotgani kuweka, nyingi za bei rahisi hazina kabisa. Ila namba iliyokuwepo ikafutwa, ukaona pamesuguliwa, hiyo kimbia.

Damaski. Utaona mitutu ina michoro kama nyoka au kama maji ya mto, nzuri mno. Walikuwa wanasuka vipande vya chuma laini na chuma kigumu, wanavizungusha kwenye nondo huku vikiwa moto na kuvichomelea kwa nyundo, Liège kule Ubelgiji familia nzimanzima ziliishi kwa kazi hiyo. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ikaja, chuma cha kawaida kikashinda, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 zikawa zinaisha. Msimamo wangu ni rahisi, za damaski nanunua kwa ajili ya kuangalia. Wapo wanaozifyatua baada ya fundi kupima unene wa ukuta na kwa risasi maalum za presha ndogo, sawa, wana vipimo vyao. Kwa risasi za dukani, kamwe. Na ujue kuna mitutu ya chuma cha kawaida iliyochapwa michoro ya damaski juu juu tu, chungulia sehemu iliyofichwa chini ya mbao ya mbele, mchoro ukiishia hapo ni wa kuchapa.

Niliwahi kuliwa, nisijifanye. Gulio moja upande wa Indiana, jamaa ananionyesha ya nyundo mbili, pembeni imeandikwa W. Richards, ananiambia hii ya Kiingereza hii, Westley Richards, uliza mtu yeyote. Nikaona michoro ya damaski, nikaona nyundo zenye umbo la mgongo wa pomboo, akili ikazima. Dola 275. Nyumbani nikatoa mitutu, chini yake kuna kiduara cha yai chenye herufi ELG, alama ya ukaguzi ya Liège. Ya Ubelgiji, iliandikwa jina linalofanana makusudi ili mkulima wa Marekani miaka ya 1890 adanganyike, na mimi nikadanganyika nikiwa na simu yenye intaneti mfukoni! Zaidi, mdomo una uwazi wa kuingia shilingi. Imekatwa hadi inchi 24. Kihalali iko sawa, kithamani ni pambo la ukutani la dola 80. Ile kongwe niliyosema mwanzoni ndo hiyo. Sijaiuza, na kila nikitaka kununua kitu kwa haraka naitoa naiangalia.

Wapi pa kununua basi. Minada ya mashamba na ya vitu vya marehemu ndo bora, hasa siku za mvua au siku kuna mechi kubwa ya Ohio State, watu wachache. Kabla ya mnada soma ada ya mnunuzi, wengine wanaongeza asilimia 10 hadi 20 juu ya bei ya nyundo na watu wanaisahau kabisa. Maduka ya rehani bei zao za ukutani ni za kuanzia mazungumzo, peleka pesa taslimu, nenda mwisho wa mwezi. Mkiuziana watu binafsi wakazi wa Ohio sheria haiwalazimishi kupita dukani, mi bado napitisha, mwenye duka anachukua dola 25 au 30 na mimi nalala usingizi. Na mkataba wangu na mke wangu ni bunduki moja ikiingia, kitu kimoja kinatoka au hela zimetoka kwenye ovataimu. Huo mkataba umenisaidia kuliko kitabu chochote cha bei.

Vikorokoro ndo vyenye raha kwa mtu asiye na hela, na kwa wenzangu ambao karatasi zao hazijakaa sawa, maboksi matupu na filimbi za bata havihitaji fomu yoyote. Mabox ya risasi ya zamani, mfano. Nusu saa kutoka kwangu kushuka kusini kuna Kings Mills, pale kando ya mto Little Miami kiwanda cha Peters Cartridge bado kimesimama, mnara na jina PETERS juu, sa hivi watu wanaishi humo, kimegeuzwa maghorofa. Remington waliinunua Peters 1934. Boksi tupu la Peters la karatasi la miaka ya 1940 nimelipata kwa dola 20, michoro yake hakuna kalenda inayoifikia. Yale ya vipande viwili, kifuniko kinachofunika chini kama boksi la viatu, ni ya zamani zaidi na bei inaruka, sitini, mia, na yakiwa na picha ya ndege au mbwa zaidi ya hapo. Angalia pembe nne na zile pande za mwisho zenye namba, boksi bila pande hizo thamani inaanguka. Usibandike selotepu hata siku moja. Boksi tupu unatuma kwa posta, likiwa na risasi ndani posta hairuhusiwi kabisa.

Mikebe ya baruti ya DuPont nayo, mizuri kwa rangi nyekundu, ila tikisa kwanza. Nilinunua mmoja nikasikia shaa, shaa, ndani kuna baruti. Baruti isiyo na moshi ikioza inatoa harufu kali ya tindikali na vumbi la kahawia, haikai ndani ya nyumba yenye watoto. Nilipiga simu ya zimamoto, ile ya kawaida sio ya dharura, wakaja kuichukua bila kelele.

Filimbi za bata za P.S. Olt wa Pekin, Illinois, ile D-2 nyeusi ya mpira mgumu, dola 20 hadi 40 na bado inalia. Nilipuliza sebuleni mtoto wangu akacheka hadi akakaa chini. Vifimbo vya kusafishia vya Marble's wa Gladstone, Michigan, vya shaba na mbao. Vitufe vya leseni za uwindaji vya miaka ya 1920 na 1930, hasa New York, vinavyobanwa kwenye kofia. Mifuko ya turubai ya kubebea bunduki iliyofunguliwa vipande, yenye umbo la paja la mbuzi. Sahani za udongo za kulengea zilibuniwa hapahapa Ohio, George Ligowsky wa Cincinnati alipata hataza yake 1880, kabla yake watu walipiga matufe ya vioo. Hayo matufe ya vioo yakija mezani kwako kwa bei nzuri sana mshukuru muuzaji ondoka, ya kughushi ni mengi mno na kuyatambua kunataka mtu aliyeshika mamia.

Kutunza. Usisugue, usipake rangi upya, usitie vanishi kitako. Najua mkono unawasha, sisi tumezoea kitu cha zamani ukipate king'ae, lakini bunduki ya miaka 90 iliyong'arishwa inapoteza hata nusu ya bei. Mafuta mepesi, sufi ya shaba laini kwa kutu changa, kitambaa, nta nyembamba juu, basi. Zihifadhi mdomo ukiangalia chini ili mafuta yasiteremke yakaozesha kichwa cha mbao. Usiache bunduki ndani ya mfuko wa ngozi, ngozi inavuta unyevu na ina dawa zake za kuchakata, utakuja kukuta ramani ya kutu. Beismenti za Ohio mwezi wa 7 zina jasho kama Tanga, weka vifuko vya kunyonya unyevu kwenye sefu na uvikaushe kwenye oveni kila mwezi. Triga usifyatue bila risasi bandia, pini za zamani zinavunjika kama biskuti.

Na kwa zile za kufyatua, hata kama umepima kila kitu, mpelekee fundi bunduki kwanza, dola 40 au 50. Marisau ya chuma usipitishe kwenye mtutu wa zamani, yanakwaruza na kuvimbisha mdomo. Kuwinda bata kwa marisau ya madini ya risasi kumepigwa marufuku nchi nzima tangu 1991, tumia ya bismathi (madini mengine), ghali lakini laini.

Mwisho nafunga kikadi kwenye kinga ya triga ya kila moja kwa uzi: jina, geji, urefu wa chemba, niliponunua, bei, na kama inafyatuliwa au la. Ya kwangu ile ya Richards imeandikwa kwa wino mwekundu: UBELGIJI, IMEKATWA, USIPIGE, USIUZE ZAIDI YA 80. Mke wangu ana nakala ya orodha yote kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa.